Ukurasa wa Arobaini na Moja wa Kitabu Chako

Nyumba Na. 34,
Landi ya Reli,
Nakuru.

9 Machi, 1957.

Mpendwa ndugu yangu Dalmas,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wakazi wote wa Landi ya Reli, nakutangazia kwamba siku ya Jumanne iliyopita, saa nne asubuhi, mfereji wetu wa maji ulipakwa rangi ya kijani. Bwana Afya alikuwepo. Wazee wawili walivua kofia. Maji yenyewe hayajatoka tangu Januari, lakini sasa yanakataa kutoka kwenye kitu kizuri. Nimeanza na habari hiyo kwa sababu wewe ni mtu wa historia, na nisingependa ikupite.

Baada ya tangazo, salamu. U hali gani huko Kampala? Shemeji Nekoye hajambo? Mtoto ameota meno mangapi? Na kile kifua kilichokuwa kikikubana kwa vumbi la vitabu, kimeachia? Sisi huku tu wazima, ila vumbi letu si la vitabu. Ziwa limekauka, upepo ukivuma jioni tunakula ugali wenye magadi bila kuyanunua. Mama yangu, ambaye kwako ni mama mkubwa, anakusalimu. Alisema nikusalimu kwanza kabla sijasema mengine, maana ananijua.

Basi nimekusalimu kama mama zetu walivyotufundisha, na adabu yangu imefika mwisho wa reli.

Barua yako ya mwezi jana niliipata. Ilikuwa na mistari mitatu, na mmoja kati ya hiyo ulikuwa jina lako. Umesema kitabu kimekwisha kupigwa chapa, na kwamba tarehe haiwezi kubadilishwa bila ushahidi wa maandishi. Mimi, ndugu yangu, nilisoma madarasa manne tu. Mengine niliyasoma kwenye magazeti ya kufungia sukari. Kwa hiyo niliirudia barua yako mara nyingi nikitafuta mahali ulipomtaja Mjomba. Nilidhani labda umemwandika kwa Kiingereza.

Acha nikueleze tena, polepole, kama unavyowaeleza wanafunzi wako.

Ile Kambi ya Kuni iliyo juu ya Molo inafungwa. Injini siku hizi zinakunywa mafuta mazito, hakuna anayetaka kuni. Ofisi ya msitu imetoa neno: mtu aliyeishi pale kabla msitu haujapigwa mipaka mwaka wa 1925 ataachiwa nyumba yake na shamba lake mpaka afe. Aliyekuja baadaye ni kibarua wa kupita. Huyo ataondoka mwisho wa Aprili, na kama bado ana kazi ya reli, atapewa kitanda huku kwetu landi, chumba kimoja watu wanne. Tarehe 25 mwezi huu afisa wa msitu atakaa kambini asikilize kila mtu.

Mjomba Omolo, kaka wa mama zetu, alifika pale mwaka wa 1914 na shoka begani. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa mbao za mtarakwa alizokataliwa kupakia behewani kwa sababu zilipinda. Nyuma ya nyumba amelala mkewe, mama yetu Akoth. Hukuwepo, ulikuwa shuleni, lakini mimi nilikuwepo. Mvua ya mwaka ule ilibeba tuta la reli, siku nane hakuna treni iliyopanda wala kushuka, na maiti haingoji fundi wa tuta. Ikabidi azikwe palepale, mbali na kwao. Mjomba aliapa kwamba kama Akoth hakupata kurudi nyumbani, basi nyumbani kutakuja alipo Akoth. Tangu hapo hajalala nje ya kambi ile hata siku moja, isipokuwa mara ile alipong'olewa jino.

Sasa mezani kwa afisa wa msitu kuna kitabu chako. Sikuambiwa, nilikiona. Nilipeleka kwake hesabu za vyuma vya stoo ya reli, kama karani, nikakikuta kimelala pale na kipande cha gazeti kimechomekwa ukurasa wa arobaini na moja. Najua ukurasa huo kama ninavyojua mlango wangu. Ndipo lilipo lile jedwali lako, lisemalo kwamba wakata kuni wa kwanza kukaa Kambi ya Kuni walifika mwaka wa 1931.

Dalmas, wewe ulizaliwa pale kambini. Mwaka wa 1923. Mama yako alikwenda kumtembelea kaka yake akiwa na mimba ya kufika, treni ya kurudi ikachelewa, wewe hukuchelewa. Aliyekupokea ni Akoth, na maji ya kukuogesha yalichotwa kwenye tangi la injini. Kwa hiyo kwa mujibu wa ukurasa wa arobaini na moja, msomi wetu alizaliwa ndani ya nyumba ambayo haikuwa imejengwa, akapokelewa na mwanamke ambaye hakuwa amefika, na akangoja miaka minane mjomba wake aje na shoka. Nimewahi kusoma habari za miujiza katika Biblia, lakini zile zilikuwa na mashahidi.

Tukumbushane jinsi kosa hili lilivyoingia. Ni Agosti, 1954. Ulikuja kutoka chuoni na miwani mipya na kamba ya kupimia visiki. Siku mbili ulizunguka msituni ukipiga magoti mbele ya kila kisiki kama mkatoliki, ukihesabu zile pete za ndani moja moja kwa ncha ya sindano. Kisiki kimoja ulikihesabu saa tatu nzima. Ukainuka umejaa furaha, ukasema mti ule ulikuwa na miaka mia mbili na kumi na sita. Nilikusifu. Sikuwa nimewahi kuona mtu akimjali mzee namna ile.

Siku ya tatu ukaja kuuliza watu. Na ulikuja juu ya nini? Juu ya toroli ya Bwana Nyundo! Yule mzungu msimamizi wa njia, anayegonga kila taruma la mbao chini ya reli akisikiliza kama limeoza, na ambaye akishamaliza mataruma huwageukia watu. Ulikaa kando yake umeshika mwavuli, wanaume wanne wanawasukuma, mmoja wao ni Mjomba wako mwenyewe. Ukashuka, ukafungua daftari, ukawapanga wazee mstari mmoja, Nyundo akisimama nyuma yako anajaza kiko chake, ukasema, "Wazee wangu, kila mmoja aniambie alianza kazi hapa mwaka gani."

Cheptanui, yule mjane anayeuza uji kambini, nusura aangushe kibuyu. Alinivuta shati.

"Huyu ndiyo ndugu yako ya chuo?"

"Ndiye."

"Amesoma mpaka akili ikaisha. Mtu anauliza wazee miaka mbele ya Nyundo?"

Mama huyo hajui kusoma hata jina la stesheni. Lakini anajua kile kila mtu wa njia ya reli anachokijua, kuanzia mtia mafuta injini hadi nyapara: ukifika miaka hamsini na mitano, reli inakuondoa kazini, na kwa hiyo hakuna mtu anayefika. Siku za ukaguzi watu hupaka masizi ya bomba la injini kwenye nywele. Mjomba ana mkebe wake wa masizi, ameuhifadhi vizuri kuliko sukari. Wewe ulikulia kwenye njia ile. Nani alikufutia mambo haya kichwani, na alitumia sabuni gani?

Walijibu, na wewe uliandika. Mjomba akasimama wima, tumbo ndani.

"Mimi, bwana? Thelathini na moja. Nilikuwa kijana kabisa."

Wa pili akasema thelathini na tatu. Wa tatu akaona heri apite hapo, akasema thelathini na sita. Yule mzee wa mwisho, asiye na jino hata la kuonyesha, akasema alianza kazi wakati wa vita vya Hitler, tena mwishomwisho. Kambi nzima ilirudi ujana mbele ya macho yangu. Nyundo alikuwa akicheka ndani ya kiko. Wewe hukucheka. Uliwashukuru.

Tukirudi stesheni nilikuambia, "Rudi kesho kwa miguu, bila Nyundo, ukae kwa Mjomba unywe uji. Atakuambia yote." Ukanijibu nisiyoyasahau: "Micah, neno la mtu si ushahidi. Nitaangalia rejista."

Kisiki ulikihesabu. Mjomba wako ulimuuliza tu.

Na rejista ukaiangalia kweli, hapa Nakuru. Nilikutolea mimi mwenyewe kutoka kabatini. Ukapitisha kidole mpaka kwenye jina la Omolo, ukakuta 1931, ukapiga meza kwa furaha. Ukasema, "Umeona? Maneno na maandishi yamekubaliana." Nilitaka kusema jambo. Nikasema, "Kumbe."

Sasa unataka ushahidi wa maandishi, nami nitakupa. Mwandiko ule ni wangu. Reli zilipounganishwa tuliambiwa tunakili rejista upya, na kazi hiyo nilipewa mimi. Mjomba alishuka na treni ya mizigo, akanikuta niko peke yangu ofisini, akaweka kuku mezani na kusema, "Mwanangu Micah, niandike kijana." Kwenye rejista ya zamani palikuwa na 1914. Kwenye mpya nikaandika 1931. Ile ya zamani ilichomwa kwa amri ya wakubwa, pamoja na panya wake. Kuku alikuwa mtamu. Kwa hiyo ujue, ndugu yangu, kwamba sura ya tatu ya kitabu chako, pamoja na jedwali, pamoja na zile namba ndogo za chini ya ukurasa, imesimama juu ya kuku mmoja wa Molo.

Usidhani nimefurahi kuliandika hilo. Nimelikalia miaka minane. Lakini mimi nilisema uongo ili mzee apate kula. Wewe ukweli uliujua tangu utotoni, ukauweka kando kwa sababu haukuja na muhuri.

Na umeendelea vizuri nao, sikatai. Kwanza kitabu. Kisha ile hotuba Kisumu, mwaka jana, "Jinsi Reli Ilivyoumaliza Msitu", watu wamejaa ukumbini, nami nimesimama nyuma kwa sababu viti vilikuwa vya wageni. Ulieleza kila injini ilikula mita ngapi za kuni kutoka Nakuru mpaka Mau Summit. Ulitaja mitarakwa, ulitaja mizeituni ya mwituni, ulisikitika kwa sauti nzuri. Walioikata uliwaita "nguvu kazi". Nilingoja nisikie jina moja tu. Mzungu wa mbele akakupigia makofi, nami nikapiga pia, nisionekane nimelala.

Kisha ile picha gazetini, umeweka mguu juu ya kisiki. Kadija wa Bondeni, yule mama wa mandazi ambaye marehemu mumewe alikuwa dereva wa injini, aliitazama wakati akinifungia mandazi.

"Huyu si mtoto wa dada yake Omolo?"

"Ndiye, mama."

"Sasa mbona amekanyaga kisiki kama ni yeye aliyekata? Huyu hata kisu cha vitunguu alikuwa analia."

Akanifungia mandazi katika picha hiyo hiyo. Sikumzuia.

Na juzi nasikia unakwenda ng'ambo, Uingereza, kusomea ukubwa zaidi, kwa ajili ya kitabu hicho hicho. Hongera. Nadhani ndiyo sababu ukurasa wa arobaini na moja hauwezi kuguswa. Mtu akiwa anapanda ngazi, hataki aambiwe kuna kipago kimeoza. Lakini ujue aliye chini ya ngazi yako ni nani.

Ninachotaka ni kidogo. Andika karatasi moja kwa afisa wa msitu, yenye muhuri wa chuo, maana ofisi ile inaamini muhuri kuliko macho. Sema kwamba wewe, Dalmas, mwandishi wa kitabu kilichoko mezani kwake, ulizaliwa Kambi ya Kuni mwaka wa 1923 katika nyumba ya Omolo, na kwamba jedwali limekosea. Mistari mitatu inatosha. Umekwisha kunionyesha kwamba mistari mitatu unaiweza. Ukiituma kwa treni ya barua kabla ya tarehe 20, itafika.

Najua unachofikiri, maana akili unayo, ila hukaa nayo mbali. Unafikiri tukisema 1914, reli itamwondoa Mjomba kazini siku hiyohiyo. Ni kweli. Ana miaka hamsini na minane, na masizi hayawezi kubishana na karatasi yenye muhuri. Na mimi nitaitwa niulizwe kalamu ilikuwa ya nani. Hilo pia nimelifikiria. Nitasema mkono uliteleza. Wakikataa, basi na mimi nitatafuta mahali pa kuuza mandazi. Kazi itakwenda. Lakini nyumba itabaki, na shamba la viazi, na Akoth nyuma ya nyumba. Akifuata 1931 atabaki na kazi mpaka mgongo ukatike, halafu afe huku landi, kitanda cha juu, kati ya watu watatu wanaobishana habari za mpira.

Mjomba nimemweleza yote haya. Nilipanda Jumapili iliyopita nikamkuta ananoa jembe. Alisikiliza mpaka mwisho. Nikamwuliza, "Mjomba, unasemaje?" Akapuliza lile jembe, akasema, "Nyinyi ndio mliosoma. Mtajua." Nilimwambia mimi sikusoma sana. Akasema, "Basi mwambie yule mwingine."

Ndiyo nakuambia. Usiponijibu, sitakulaani, kazi hiyo mama yangu amesema ataifanya mwenyewe. Ila usije tena huku na kamba yako. Visiki vya Molo vina miaka yao, na hakuna hata kimoja kitakachokuambia.

Nisalimie shemeji Nekoye, umwambie yeye sina neno naye, tena namhurumia. Mbusu mtoto. Msalimie mzee Gelle wa duka la nguo, kama bado yuko hai na bado anakukopesha masikio. Mama mkubwa anasema umpe mtoto wake mkubwa wa kike salamu, dada yetu Achola, akipita huko kwa mumewe. Mungu wa mama zetu akulinde, akufungue macho, na akufungulie pia kalamu, kwa mpangilio huo.

Ni mimi ndugu yako, akupendaye kwa sababu mama zetu ni dada,

Micah Obura

N.B. Leo ni Jumanne, tarehe 12. Nilikuwa nimekwisha kulamba bahasha, nimeifungua tena. Cheptanui ameshuka na treni ya asubuhi kuniambia kwamba afisa wa msitu hakungoja tarehe 25. Alifika kambini jana, amepewa nafasi kwenye toroli ya Bwana Nyundo. Kitabu chako hakuja nacho. Aliwapanga wazee mstari mmoja, akamwuliza Mjomba mwenyewe alifika pale mwaka gani. Mjomba akamtazama Nyundo.

Akasema thelathini na moja.